Wema Wenye Sharti

Wahenga walituusia tutende wema twende zetu, tusingoje shukurani. Usia huo unamfaa sana anayempa jirani kibaba cha unga: unga ukishaliwa, kazi yake imekwisha, wala hakuna cha kufuatilia. Anayetoa shule ana mzigo mwingine. Akikabidhi ufunguo na kuondoka bila kusema neno, kesho atatokea mwenye nguvu wa kuamua mtoto wa nani aingie na wa nani abaki barazani. Somo hili nililipata Bagamoyo, mji ulionilea, kwa mtu aliyefariki mwaka 1897, miongo mingi kabla mimi sijazaliwa. Aliitwa Sewa Haji Paroo, na kila nisikiapo mfadhili akisifiwa jukwaani, yeye ndiye kipimo changu.

Sewa Haji alizaliwa Zanzibar mwaka 1851 katika familia ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia, wenye asili ya Kutch, India. Alikulia katika biashara, na biashara kubwa ya siku zile ilipita Bagamoyo. Hapo ndipo misafara iliyotoka Unyamwezi, Ujiji na mbali zaidi hadi Manyema ilipotua pembe za ndovu, na hapo ndipo ilipofungasha nguo, shanga, nyaya za shaba na baruti za kurudi nazo bara. Reli haikuwapo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo kila kitu kilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa miezi mfululizo. Aliyetaka wapagazi alikwenda kwa wafanyabiashara wachache wa mji ule, na Sewa Haji alikuja kuwa mkubwa miongoni mwao.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone. Aliyemtafutia wapagazi alikuwa kijana wa miaka kama 20, ambaye Stanley alimtaja kitabuni mwake kwa jina la Soor Hadji Palloo. Maneno aliyomwandikia si ya kumsifu hata kidogo. Alimwona mjanja wa bei, mtu wa kuhesabiana naye kila doti ya nguo. Ushahidi huu nautanguliza kwa makusudi, kwa kuwa tukitaka kuwaenzi wafadhili tuna desturi ya kuwavika kanzu nyeupe kwanza. Sewa Haji hakuwa walii. Alikuwa mfanyabiashara mkali wa zama ngumu, na utajiri wake ulitoka kwenye meno ya tembo na jasho la vijana wa Kinyamwezi. Mtoto akisimuliwa ukarimu wake bila kusimuliwa hayo, ataamini kwamba kutoa ni kazi ya malaika, kisha ataendelea na shughuli zake kwa amani. Akisimuliwa yote, atajua kwamba hata mtu anayekazana na faida mchana kutwa anaweza jioni kuamua jambo litakalowafaa watoto wa watu.

Mimi nilisoma shule ya msingi katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na habari za shule katika mtaa ule zina mizizi katika zawadi ya mtu huyo. Darasa letu lilikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti, na madirisha marefu yaliyoingiza upepo wa bahari pamoja na harufu ya samaki wanaokaangwa sokoni. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka, tukafagia uwanja kwa fagio za chelewa, kisha ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini ikagongwa, tukapanga mstari. Jirani yangu dawatini alikuwa mjukuu wa Mnyamwezi aliyeshuka pwani kama mpagazi akaoa huku akabaki. Upande wa pili alikaa Mzaramo wa Dunda. Nyuma yetu walikuwapo Wakwere, Wadoe, binti mmoja mwenye asili ya Kiarabu ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya baiskeli, na mvulana kutoka upande wa Misheni, wa ukoo wa watoto waliokombolewa utumwani na mapadri. Mapumziko tulinunua mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja chini ya mwembe, na aliyekuwa na senti aliwamegea wasio nazo.

Kila wiki kilifika kipindi cha dini. Sisi Waislamu tulibaki na ustadhi, Wakristo wakaenda na katekista wao chumba cha pili. Ukuta mmoja ulitutenga. Tuliwasikia wakiimba, nao walitusikia tukiitikia amina. Ringi ikigongwa walirudi, wakaketi tulipokuwa tumewawekea nafasi, na mwalimu wa hisabati akatuuliza sote swali lile lile la sehemu na desimali. Nimehudhuria makongamano ya amani na maridhiano tangu siku hizo, nimesikia maazimio mengi yakisomwa. Sijaona lililozidi utaratibu ule wa kila mmoja kwenda kwa Mola wake kwa njia yake, kisha wote kukutana kwenye hisabati.

Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyetuambia kwamba mchanganyiko wetu una asili yake. Alisimama dirishani, akaanza na vita. Mwaka 1888 watu wa pwani walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Bagamoyo ilipigwa mizinga, nyumba zikaungua, maelfu ya watu wakakimbilia Misheni. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam, na Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa bara yote, ikaanza kupungukiwa. Mwenye mtaji hapo angeuza majengo yake mapema kabla bei haijaanguka. Mwaka 1892 Sewa Haji alimkabidhi Gavana Julius von Soden jengo lake la ghorofa lililokuwa Bagamoyo, kwa sharti kwamba liwe shule isiyobagua rangi.

"Kwa nini aliweka sharti?" mwalimu alituuliza. "Si angesema tu, chukueni nyumba, fanyeni shule?"

Darasa likakaa kimya, mpaka mwenzetu mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hakujibu chochote, akainuka.

"Wangeweka watoto wao tu, mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka akaweka chaki mezani. "Kaa chini," akasema. "Umemaliza kipindi."

Jibu lile lilikuwa na uzito kuliko alivyojua aliyelitoa. Katika miaka ya ukoloni Tanganyika iliishia kuwa na elimu ya mafungu matatu: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, kila fungu na bajeti yake na madawati yake, na fungu la mwisho likipata kidogo kwa kila mtoto. Hali hiyo iliendelea mpaka nchi ilipopata uhuru, na Januari 1962 ndipo mifumo hiyo ilipoanza kuunganishwa kuwa mmoja. Ukihesabu tangu 1892, ni miaka 70. Sidai kwamba sharti la mfanyabiashara mmoja lingeweza kuizuia siasa ya dola mbili, ya Wajerumani na ya Waingereza. Ninachosema ni kwamba lilikwisha kutamkwa mbele ya gavana, katika ardhi hii hii, wakati hakuna aliyemlazimisha mtu kulitamka. Walioiunganisha elimu baada ya uhuru hawakuleta jambo geni. Walitimiza wazo ambalo mtu mmoja wa Bagamoyo alikuwa amelilipia kwa jengo lake mwenyewe.

Alasiri, baada ya shule, wengi wetu tulikwenda chuoni kusoma Kurani. Huko jina kubwa lilikuwa la Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye mji mzima ulimjua kama Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto, akawa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu mmoja mkubwa wa mji. Alijisomesha dini, akafanya biashara, akanunua mashamba, akafungua chuo, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria ambaye wafuasi wake walienea mpaka bara. Alifariki mwaka 1931, na maulidi ya Bagamoyo yanayohusishwa na nyumba yake yanaendelea kuwakusanya watu kutoka mbali. Msafara uliomtajirisha Sewa Haji ni wa njia ile ile iliyomleta Ramiya akiwa mateka. Nawataja pamoja kwa sababu kijana anahitaji wafadhili wa aina zote mbili. Yuko anayetoa kuta na paa, na yuko anayekaa chini mkekani akamshika mtoto mkono kwenye alifu na bee. Sherehe zetu za shukrani huwakumbuka wa kwanza, kwa kuwa jengo hupigwa picha. Mwalimu wa chuo, katekista na mwalimu wa darasa la kwanza nao ni wafadhili, na wengi wao hutoa mpaka wanazeeka bila jina lao kuandikwa popote.

Jina la Sewa Haji lilinirudia nikiwa mtu mzima. Mjomba wangu, mvuvi wa ngalawa, aliugua akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Nilipouliza amelazwa wapi, nikaambiwa, "Sewahaji." Nikapanda na chupa ya uji na mfuko wa machungwa, nikamkuta ameketi kitandani akitazama mlango.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hivi huyu Sewahaji alikuwa daktari?"

"Hapana, mjomba. Alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, zamani za Wajerumani."

"Wa kwetu?" Akajiweka sawa kwenye mto. "Basi kawaambie mimi ni jirani yake, wanipunguzie."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu wakacheka, na mmoja akataka kujua zaidi, nikawasimulia. Sewa Haji alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, ikaitwa kwa jina lake. Wazungu walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road. Ya Sewa Haji ndiyo iliyowapokea Waafrika na Wahindi, na iliendelea kuwahudumia wakati wa Waingereza. Katika miaka ya 1950 ikajengwa hospitali mpya, ikaitwa Princess Margaret mwaka 1956, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina la binti mfalme wa Uingereza likaondoka, la mfanyabiashara wa misafara likabaki kwenye jengo la wodi. Jirani yake kuna jengo lenye jina la Kibasila, kiongozi wa Uzaramo aliyewapinga Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Mmoja alikabidhi jengo kwa Wajerumani kwa sharti, mwingine alikataa kuwatii. Nchi huru iliona wote wawili wanafaa kutajwa kila siku na wauguzi, wagonjwa na ndugu wanaobeba uji.

Mgonjwa mmoja, mzee wa kutoka Morogoro, aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria sana: "Huyo Mhindi alikuwa dini gani mpaka awasaidie watu wote hivyo?" Nikamwambia alikuwa Mwismailia, na kwamba Bagamoyo, katika kuwasaidia wagonjwa na wenye ukoma, alishirikiana na Misheni Katoliki ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo hapo tangu 1868. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba siku hizi mtu akitoa ndoo ya rangi anauliza kwanza inapakwa nyumba ya nani.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Sewa Haji hakuhama jamatkhana yake kwenda kanisani, wala hakuna aliyedhani anafanya hivyo. Alitazama ni nani katika mji tayari anaosha vidonda, akamwongezea nguvu. Kuna watu hudhani kwamba mwenye imani thabiti lazima sadaka yake iishie kwa waumini wenzake, na kwamba anayevuka mpaka huo imani yake imelegea. Mimi naona kinyume chake. Asiye na wasiwasi na dini yake ndiye anayeweza kuingia ua wa wenzake akiwa na mkono uliofunguka, akatoka akiwa yule yule. Imani ilimtuma atoe. Haikumchorea mstari wa kumpa nani. Vijana wetu, wanaolelewa katika zama za mahubiri ya kusutana kwenye simu, wanastahili kusimuliwa kwamba karne ya 19 mji wao ulikuwa na mtu wa namna hiyo.

Ukarimu wa aina hii hufundisha bila kufungua darasa. Kijana mmoja wa Kutch, Alidina Visram, alifika Bagamoyo akiwa bado mtoto, akafanya kazi chini ya Sewa Haji. Alijifunza mizani, vitabu vya hesabu na njia za misafara, na baadaye maduka yake yakaenea mpaka ndani ya Uganda. Alifariki mwaka 1916, na mwanawe akajenga shule ya sekondari kisiwani Mombasa kwa kumkumbuka baba yake. Shule hiyo ingali na jina la Alidina Visram, na imesomesha vizazi vya watoto wa Kenya. Mnyororo huu haukuandikwa na yeyote. Mvulana alimwona tajiri wake akikusanya, kisha akamwona akitoa, na sura zote mbili zikamkaa. Tunapowaita vijana kwenye semina za maadili tunasahau kwamba wanatutazama zaidi kuliko wanavyotusikiliza, na hutazama hasa mfuko unapofunguliwa.

Mimi mwenyewe nililielewa sharti la Sewa Haji sawasawa pale nilipoingia katika kazi ya kuchangisha. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yalifurika, watoto wakakaa sakafuni, na sisi tuliowahi kusoma katika mitaa ile tukaunda kamati ndogo ya madawati na sare. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja, mvuvi mstaafu, hodari wa kusikiliza. Tukazunguka kwa wenye maduka, wavuvi, mama lishe, madereva wa bodaboda na wenzetu waliohamia Dar es Salaam. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mwenye asili ya kwetu, akatuita. Alikuwa tayari kununua sare za watoto wengi kwa mkupuo. Tulifurahi, mpaka alipoongeza kwamba anataka orodha ya watoto wa dini yake peke yao.

Mzee wetu hakukasirika. Alimaliza kahawa yake kwanza.

"Mwanangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Lakini dawati moja linakaliwa na watoto watatu. Mmoja avae mpya, wawili wamtazame?"

"Mzee wangu, fedha ni zangu na nia ni yangu."

"Kweli kabisa, fedha ni zako. Na watoto ni wetu sote."

Wakazungumza kwa heshima kwa muda mrefu, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwishowe mfanyabiashara yule alipeleka fedha zake kwenye chuo cha Kurani kilichokuwa na sakafu ya mchanga. Ikamwagwa saruji, yakanunuliwa majuzuu na mikeka mipya, na watoto wakafaidika kweli. Alifanya wema, tena mahali pake. Sisi tukarudi mtaani na daftari letu, tukapata kidogo kidogo. Fundi wa madawati alitukopesha kazi yake mbao za Sao Hill zilipochelewa kufika, na shughuli iliyoweza kumalizika kwa hundi moja ikachukua msimu mzima wa kusi.

Katika kuzunguka huko nikaanza kuyaona masharti kwa macho mengine. Kila mtoaji ana lake, hata anayesema hana. Mmoja anataka jina lake lipakwe kwenye kila dawati. Mwingine anataka mgeni rasmi na kamera. Mwingine anataka watoto wavae fulana za rangi za chama chake. Hayo yote humlinda mtoaji: jina lake, kundi lake, uchaguzi wake ujao. Sharti la 1892 lilimlinda mtu ambaye hakuwamo kwenye kikao, hakuwa na kura, hakuwa na wa kumsemea, na pengine alikuwa hajazaliwa. Tangu hapo, nikiletewa ahadi yoyote ya msaada, nauliza swali moja: sharti hili linamlinda nani? Likimlinda mtoto asiyeweza kusema, nalipokea kwa mikono miwili hata kama fedha ni ndogo. Likimlinda mtoaji, namshukuru, namwambia afikirie tena, na wakati mwingine namwacha aende na fedha zake. Methali inasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, na moyo wenyewe unahitaji akili ya kuona mbele, kwa kuwa utajiri ukishatoka mkononi, kinachobaki kuongoza matumizi yake ni maneno yaliyoambatana nao.

Jambo la pili nililojifunza ni la wakati. Sewa Haji alitoa jengo akiwa na miaka 41, miaka mitano kabla ya kifo chake. Hakuwa mzee anayetafuta radhi za mwisho. Kutoa ukiwa hai kuna faida ambayo wasia hauna: unaweza kuulizwa, unaweza kueleza ulichokusudia, unaweza kukagua kama mlango umefunguliwa kwa wale uliowakusudia. Nawafahamu watu wema waliopanga kusomesha yatima "mambo yakikaa sawa". Mambo hayakukaa sawa, na warithi walikuwa na mipango yao.

La tatu ni matunzo. Nyumba ya matumbawe hula chokaa kila mwaka. Chumvi ya bahari huingia ukutani, mvua hupenya darini, boriti huoza polepole. Yeyote aliyepita mitaa ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ameona magofu ya nyumba ambazo zamani zilijaa watu. Wazee wetu wa pwani walilijua tatizo hili, ndiyo maana walipoweka wakfu hawakuishia kwenye msikiti au chuo. Waliambatanisha shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, mapato yake yalipe mafuta ya taa, ukarabati na posho ya mwalimu, na wakamteua msimamizi wa kuwajibika. Wafadhili wengi wa leo hutupa jengo lisilo na bajeti ya bati linalovuja. Miaka michache baadaye choo kimefungwa, maktaba imegeuzwa stoo ya majembe, na bango la mfadhili linang'aa kuliko dirisha lake. Ningekuwa na uwezo wa kuwashauri wanaotaka kuacha jina, ningewaambia wajenge vyumba viwili badala ya vitatu, na fedha ya cha tatu waiweke kwa ajili ya kutunza hivyo viwili.

Na la nne ni namna ya kumshukuru mfadhili. Kumuenzi mtu si kumsifu mpaka atoweke ndani ya sifa. Watoto wa Bagamoyo wanapaswa kujua kwamba Sewa Haji alipata faida katika biashara iliyowavunja mabega vijana wa bara, na wajue pia alichofanya na sehemu ya faida hiyo. Wayaweke mambo hayo mawili mezani pamoja, wabishane. Nimewahi kukaa na wanafunzi wa sekondari wakibishana hivyo, mmoja akisema alikuwa analipa deni, mwingine akisema wenye deni kama lake walikuwa wengi na hawakulipa. Hakuna aliyetoka akimwabudu mtu, wala aliyetoka akimdharau. Walitoka wakijiuliza wao wenyewe watafanya nini na watakachopata, na hiyo ndiyo heshima kubwa tunayoweza kumpa mfadhili aliyewalenga vijana.

Kamati yetu ndogo ipo. Baada ya kikao kile cha Kariakoo tuliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mihutasari, kwa kalamu ya wino, kwamba chochote tutakachopokea kitamfikia mtoto mwenye uhitaji bila kuangalia kabila, rangi, dini wala mzazi wake ni nani, na wajumbe wote tukatia sahihi. Baadhi yetu tuliona ni urasmi wa bure. Haikupita muda mzee wetu, kwa nia njema kabisa, akapendekeza madawati mapya yaanzie darasa la mjukuu wake, kwa kuwa lilikuwa karibu na mlango na ni rahisi kuyashusha. Mtunza hazina, binti mdogo kuliko sote pale, hakubishana naye. Alifungua ukurasa wa kwanza, akamsomea kwa sauti, kisha akasoma idadi ya watoto waliokuwa wanakaa sakafuni katika kila darasa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Andika yaanzie la pili B." Ikaandikwa.